Msanifu Asiye na Wizara

Ipo nchi ambayo jina lake bado limo kwenye kamati, na kamati haijamaliza kikao. Hapa itaitwa nchi hiyo tu. Ni nchi iliyopangwa vizuri sana. Kila jambo linalotokea ndani ya mipaka yake lazima liingie kwenye jalada, na majalada ni ya rangi mbili. La kijani ni la Wizara ya Mambo Yanayojulikana. Jeupe ni la Wizara ya Mambo Yanayoaminiwa. Mvua iliyokwisha kunyesha huingia kijani. Ile iliyotabiriwa huingia jeupe. Gari la waziri ni la kijani, na barabara aliyoahidi ni nyeupe. Utaratibu huu umekwenda miaka arobaini bila tatizo lolote ambalo serikali imekubali kuliita tatizo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Fundi Shomvi Likwata, mtunza pampu ya maji. Pampu yenyewe ilikuwa moja, ya chuma, kubwa kama chumba cha kulala, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwanywesha watu laki tatu na mbuzi wao. Fundi Shomvi aliitunza miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi aliweka ncha ya bisibisi juu ya chuma, akaweka mpini sikioni, akafumba macho na kusikiliza. Kisha husema, "Leo kaamka vibaya," na kwenda moja kwa moja kwenye nati iliyolegea. Katika miaka yote hiyo alikosea mara mbili, na tarehe zote mbili anazo kichwani.

Ndipo ukaja Waraka Namba Kumi na Nne. Ulisema kwamba baada ya miaka minne, kuanzia tarehe mosi Julai, hakuna mtu atakayegusa mashine ya serikali bila cheti cha kidato cha nne. Fundi Shomvi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na elimu yake iliishia darasa la saba. Wenzake waliosoma waraka walianza kuulizana habari za kufuga kuku. Yeye alikwenda dukani akanunua madaftari.

Kwa miaka minne alihudhuria masomo ya jioni. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamempanda kifuani, akajifunza hesabu za herufi, milima ya mabara ya mbali na kemia ya chumvi. Mtihani alifanya, akafaulu kila somo isipokuwa moja. Somo hilo, Elimu ya Viumbe, si kwamba alifeli. Matokeo yalipobandikwa mwezi wa tano, mahali pa herufi paliandikwa neno zima: LINASUBIRI.

"Linasubiri nini?" akauliza mkewe, Bi Zawena.

"Hawakuandika."

"Wewe una mwezi mmoja na siku chache ukabidhi ufunguo wa pampu, halafu somo ndilo linalosubiri?"

"Kesho nakwenda kuliuliza."

*

Ofisi Kuu ya Maswali na Majibu ina madirisha kumi na mawili, na moja hufunguliwa. Nyuma yake alikaa Bi Sikudhani, mama mwenye miwani ya kamba, ambaye alimtazama Fundi Shomvi kwa huruma kabla hajasema neno.

"Swali la tisa?" akauliza.

"Umejuaje, dada yangu?"

"Wote mnaokuja na uso huo ni wa swali la tisa."

Habari ya swali la tisa ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma, Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Daktari Barakaeli Tindwa, alikwenda ng'ambo kwenye mkutano. Mawaziri wengine hurudi na manukato. Yeye alirudi na mada. Mada iliitwa Usanifu wa Viumbe. Ilisema kwamba viumbe wana utata mkubwa mno, na chenye utata hakiwezi kutokea polepole chenyewe, kwa hiyo yupo Msanifu mwenye akili aliyewachora. Waziri aliipachika katika kitabu cha Elimu ya Viumbe, baada ya sura ya mimea na kabla ya sura ya minyoo.

Mwongozo wa walimu ulikataza kabisa Msanifu kutajwa jina. Akitajwa jina, mada itakuwa dini, na dini hairuhusiwi katika kitabu cha sayansi. Ukurasa wa kumi na mbili uliagiza: Mwanafunzi akiuliza Msanifu ni nani, mwalimu akohoe, kisha aendelee na minyoo. Mwalimu Pendaeli wa darasa la jioni alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake. Alikohoa muhula mzima mpaka mkuu wa shule akamtuma kupimwa kifua kikuu.

Na mtihani ulipokuja, swali la tisa likasema: Nani alisanifu jicho la binadamu? Toa ushahidi. (Alama sita.)

"Sasa," alisema Bi Sikudhani, "jibu haliwezi kusahihishwa mpaka liwe na jalada. Wasahihishaji wa kijani wanasema hili si letu. Wa jeupe wanasema nao si lao. Wewe una alama thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini. Unahitaji mbili tu kati ya hizo sita."

"Jibu langu unalo hapo?"

Alilitoa, akalisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake:

"Mimi ni fundi wa pampu. Kitabu kinasema jicho ni kama mashine, na mashine nazijua. Mwalimu pia alitufundisha kwamba wapo wadudu wenye doa tu la kuhisi mwanga, wapo konokono wenye kishimo, wapo samaki wenye lenzi, na kwamba hatua hizo zilifuatana kwa miaka mingi mno, na mambo hayo yamekaguliwa na watu wengi. Hapo naweza kukagua na mimi. Kuhusu Msanifu, kitabu hakisemi alifanya lini, kwa kifaa gani, wala kwa namna gani, kwa hiyo sioni pa kutia spana. Mimi ninamwamini Mungu na ninaswali, lakini sikumjua kwa kupasua jicho la ng'ombe. Swali likiwa la sayansi, jibu ni hilo la juu. Likiwa la dini, niulizeni msikitini."

Bi Sikudhani alivua miwani. "Kaka yangu, jibu lako zuri. Ndiyo taabu yenyewe. Lingekuwa bovu tungelitia sifuri tukapumzika."

"Sasa nifanye nini?"

"Niletee jalada. La rangi yoyote. Wizara moja ikikiri kwamba jambo hili ni lake, mimi nakupa alama zako kabla hujafika kwenye ngazi."

*

Katika Wizara ya Mambo Yanayojulikana alikaa kwenye benchi siku sita. Siku ya saba aliitwa na Katibu Mkuu, bwana mwenye kalamu nne mfukoni, ambaye ukutani kwake palitundikwa rula ya mita moja katika fremu ya dhahabu.

"Mzee wangu," alisema Katibu Mkuu, "sisi hapa hatubahatishi. Sisi tunapima. Mada hii ilipotufikia tuliunda kikosi kazi kumtafuta huyo Msanifu. Tulimtafuta kwa mizani, hakukaa. Tulimtafuta kwa darubini, hakutokea. Tukamwandikia barua, kumbukumbu namba ninayo, tukimtaka ajitokeze siku za kazi, saa mbili hadi saa tisa na nusu."

"Akajibu?"

"Hajajibu. Na katika wizara hii, asiyejibu barua ya serikali hajulikani."

"Basi jambo jepesi, mheshimiwa. Niandikie mstari mmoja kwamba mada hii si sayansi."

Katibu Mkuu alisimama, akaufunga mlango, akarudi kukaa. "Hapo sasa unataka kuniua. Mada imeletwa na Waziri Tindwa. Nikisema si sayansi, nimesema Waziri haijui sayansi."

"Basi andika kwamba ni sayansi."

"Nikisema ni sayansi, mimi ndiye nisiyeijua. Nina shahada tatu, mzee. Watoto wangu wanasoma kitabu hicho hicho. Unajua nawaambia nini nyumbani wakiniuliza?"

"Unawaambia nini?"

Katibu Mkuu alikohoa.

Fundi Shomvi aliaga, akavuka barabara.

*

Wizara ya Mambo Yanayoaminiwa ilikuwa na uhaba wa samani, ndiyo maana Sheikh Mbwana na Askofu Yonazi walitumia meza moja kwa miaka ishirini. Katika miaka hiyo hawakuwahi kukubaliana hata juu ya dirisha. Sheikh alilitaka wazi apate hewa, Askofu alilitaka limefungwa kwa sababu ya mafua yake. Lakini waliposikia habari za Msanifu walitazamana, na kwa mara ya kwanza wakawa kitu kimoja.

"Huyu Msanifu wenu," alianza Sheikh, "ametuma mtume?"

"Sijasikia, sheikh wangu."

"Ana kitabu?"

"Kipo hicho cha kidato cha nne."

"Husamehe dhambi?" akauliza Askofu.

"Nimekisoma mara tatu, baba askofu. Suala la dhambi halimo. Baada yake inakuja minyoo."

"Mtu akifiwa, huyo Msanifu anamwambia nini?"

Fundi Shomvi alifikiri kwa heshima. "Anamwambia kwamba jicho lina utata."

Askofu aliegemea kiti kikalia. "Fundi, nikueleze kwa uwazi. Wamemchukua Mungu, wakamvua jina lake, wakamvalisha koti jeupe la maabara, ili apite getini mlinzi asimtambue. Mimi mgeni wa namna hiyo simpokei. Kama ni Mwenyezi Mungu, aingie kwa jina lake, tumpigie magoti. Kwa nini afichwe kama mtu aliyeiba?"

"Na kama siye," alidakia Sheikh, "mnataka tumsujudie fundi wa macho asiye na anwani? Mungu wangu haombi nafasi kwenye mtihani wa watoto kati ya mimea na minyoo. Ni utovu wa adabu."

Fundi Shomvi alihisi moyo wake unafunguka. "Maneno yenu ndiyo yaliyokuwa kifuani mwangu. Basi niandikieni tu mstari mmoja: hii si dini."

Wazee wale waliitazama karatasi, wakaitazama kalamu.

"Tukiandika," alisema Askofu polepole, "kesho gazeti litasema Wizara imemkana Muumba."

"Kwa herufi kubwa," alisema Sheikh. "Na picha zetu."

"Yako. Mimi sitakuwapo. Mimi nitakuwa kitandani na mafua, maana dirisha hilo..."

"Dirisha limefanya nini?"

"Lifunge, Sheikh, nakwambia kila siku!"

"Nitakufa humu kwa joto kwa ajili ya pua yako?"

Fundi Shomvi alitoka akawaacha. Hakuna aliyemwona akiondoka.

*

Jambo likipita katika wizara mbili hupata miguu yake lenyewe. Habari zikafika kwenye Bodi ya Usajili wa Wasanifu na Wachora Ramani, ambako Mkurugenzi alishtuka sana kusikia kwamba yupo msanifu anayefanya kazi nchi nzima bila leseni. Alikagua daftari la usajili mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakumwona.

"Hatuna ugomvi na kazi yake," Mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari. "Kwa macho ni nzuri. Lakini michoro iko wapi? Kibali kiko wapi? Sheria ni msumeno?" Akajijibu mwenyewe kwamba ni msumeno, akatuma vijana wenye ndoo za rangi nyekundu.

Nchi hiyo inaijua alama ya X. Nyumba ikijengwa bila kibali hupigwa X nyekundu ukutani, na chini yake huandikwa BOMOA. Wiki ile X ziliwekwa kwenye miembe na minazi, kwenye ng'ombe wote wa soko la mnadani, na juu ya kilima kimoja ambacho kilipewa siku thelathini kiwe kimeondoka. Kliniki ya wajawazito ilipata shida zaidi. Kila mama aliyekuwa kwenye foleni alipakwa tumboni maneno SIMAMISHA UJENZI.

Fundi Shomvi alikwenda kwenye Bodi kuuliza kama wao wanaweza kumpa jalada. Hawakuwa na jalada. Alirudi nyumbani na X mgongoni.

Bi Zawena alimzungusha, akasoma. "Umeondoka hapa kutafuta cheti, umerudi unabomolewa."

"Ninaruhusiwa kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne."

"Baba Mwasiti, hebu kaa. Miaka thelathini na mmoja umeishika ile pampu. Hawa watu kweli hawajui kwamba unaijua?"

"Wanajua."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka nijue kwa rangi moja." Alivua shati. "Na mimi siwezi kuwalaumu kwamba hawajui jicho limetoka wapi. Hilo ni jambo zito, watu wazima wanaweza kulikalia kikao. Ninalowalaumu ni kwamba hakuna anayetaka kulikalia. Wanalisukumia mlango wa pili."

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini kijana mmoja wa Bodi, mwenye bidii, alimpiga X usoni Naibu Waziri wa Mifugo aliyekuwa amesinzia ndani ya gari. Siku ile ile serikali iliunda Tume.

*

Tume ilikuwa na wajumbe tisa: wanne wa kijani, wanne weupe, na Mwenyekiti, Jaji mstaafu Kilonzi, aliyeteuliwa kwa sababu hajui lolote upande wowote. Ilikaa katika ukumbi mkubwa na ilipewa hadi tarehe thelathini Juni kuamua kama Usanifu wa Viumbe ni sayansi au ni dini. Fundi Shomvi alifurahi. Tarehe zilikuwa zinabana, lakini angalau sasa yupo mtu ambaye kazi yake ni kujibu.

Tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi, Mwenyekiti aliomba glasi ya maji. Hakuletewa. Mabomba ya mji mzima yalikuwa yametoa pumzi moja ndefu na kunyamaza.

Fundi Shomvi alikuwa tayari bandani kwenye pampu. Aliweka bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akamwambia msimamizi wa idara ya maji azungushe mhimili kwa mkono. Alisikia mkwaruzo, kama mtu anatafuna mchanga.

"Beringi," alisema. "Ya upande wa mota. Imekufa kwa ukavu. Nipeni saa moja na beringi mpya iliyoko stoo."

Angeanza kufungua dakika ile ile. Lakini Tume ilikuwa inakaa, na msimamizi hakutaka kufanya jambo peke yake wakati ipo Tume inayoweza kulifanya kwa pamoja. Akapeleka taarifa ukumbini. Tume, ambayo ilikuwa na kiu, ilihamia bandani na viti vyake.

"Pampu hii," alisema Mwenyekiti, akiizunguka, mikono nyuma, "ni kitu chenye utata mkubwa."

"Kweli mheshimiwa. Lakini kilichoharibika si chenye utata. Ni beringi."

"Hiyo ni nadharia yako."

"Naweza kufungua uione kwa macho."

"Tusikimbilie kufungua," alisema Mwenyekiti. "Tume hii inasimama juu ya haki. Tumesikia nadharia ya beringi. Haki inataka tusikie na ya upande wa pili kwa muda ule ule."

"Upande upi wa pili? Pampu imekufa beringi!"

Hapo alisimama Waziri Tindwa mwenyewe, aliyekuwa amekuja kufuatilia mada yake, suti ya kijivu, leso mfukoni. Alizungumza dakika arobaini. Alisema kwamba pampu haikusimama ovyo. Alisema kitu kilichosanifiwa kwa akili husimama kwa akili. Alisema kila kusimama kuna makusudi yake, na si adabu kumwingilia Msanifu kwa spana. Watu wa idara ya maji walipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na Fundi Shomvi alijua sababu. Kwa miaka miwili alikuwa ameomba grisi ya pampu ile. Aliomba kwa maandishi, mara saba. Mara zote saba grisi haikuja. Kama pampu imesimama kwa makusudi ya Msanifu, basi hakuna mtu wa kuulizwa grisi ilikwenda wapi.

Aliirudia hoja hiyo moyoni mara mbili ili aone kama anawaonea. Hakuwa anawaonea.

*

Pampu haikuruhusiwa kufunguliwa mpaka Tume iamue, na tarehe thelathini Tume ilitoa uamuzi wake. Ulisomwa redioni, na redio zote zilikuwa wazi kwa kuwa watu hawakuwa na la kupika. Uamuzi ulisema: Usanifu wa Viumbe ni sayansi unapofundishwa, na ni imani unapoulizwa maswali. Kwa maana hiyo unaweza kuingia darasani kama sayansi, na mwenye swali atakuwa ameitukana dini ya watu.

Wote waliridhika. Wizara ya kijani haikulazimika kuupima, wizara nyeupe haikulazimika kuuabudu, na Bodi iliambiwa kwamba Msanifu amepewa leseni ya muda.

Saa nane mchana Katibu wa Tume alimwita Fundi Shomvi kwenye chumba cha pembeni. Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa cheti chake, kimechapwa, jina limeandikwa bila kosa, kimebaki muhuri. Fundi Shomvi alikitazama, akalisoma jina lake mara mbili.

"Hiki ni chako," alisema Katibu. "Swali la tisa utapewa sita kwa sita. Unatia tu sahihi hapa."

Karatasi ya pili ilisema: Mimi, fundi mzoefu wa miaka thelathini na mmoja, nathibitisha kwamba pampu imesimama kwa mujibu wa usanifu wake, wala si kwa sababu nyingine.

"Nikitia sahihi?"

"Unachukua cheti, unabaki na ufunguo, unakwenda kufungua hiyo pampu sasa hivi. Mji unakunywa jioni. Utakuwa shujaa."

"Na nikiifungua nitakuta nini?"

"Utakachokuta ni siri ya kazi."

"Niacheni nitengeneze kwanza, mambo ya karatasi tuzungumze kesho. Watoto wanakunywa maji ya mfereji."

"Bila cheti kesho huruhusiwi kugusa mashine. Na bila sahihi leo hakuna cheti. Fundi, usijifanye mgumu. Si wewe ni mtu wa dini? Unaswali. Kuna ubaya gani kusema ni kazi ya Mungu?"

Fundi Shomvi alipozungumza sauti yake ilitetemeka, na hakupenda kwamba ilitetemeka.

"Kwa sababu nina dini, bwana mdogo. Beringi imekufa kwa kukosa grisi, na grisi mmeikosesha ninyi. Mimi simsingizii Mungu wangu beringi. Na kuna jingine. Leo nikiandika hivi, mtu atakayekuja baada yangu pampu ikisimama hatafungua kifuniko. Kwa nini afungue? Sababu ameshaandikiwa."

"Kwa hiyo unakataa."

"Nipe kalamu."

Katibu alimpa kwa haraka. Fundi Shomvi akakata maneno yote yaliyochapwa, mstari kwa mstari, akaandika juu yake kwa mwandiko wa shule ya jioni: Beringi ya upande wa mota. Ukavu. Grisi iliombwa mara saba. Akatia sahihi na tarehe.

Saa tisa na nusu alikabidhi ufunguo. Swali la tisa alipata sifuri kwa sita, kwa kosa la kuuliza.

Pampu ya mji akapewa bwana mmoja mpole mwenye cheti safi, ambaye kwenye swali la tisa aliandika neno moja, Msanifu, akapata zote sita. Bwana huyo alikwenda bandani kila siku, akasimama mbele ya pampu kwa unyenyekevu, akajaza fomu kwamba usanifu unaendelea. Wanawake walikwenda mtoni na ndoo. Wengine walipita nyumbani kwa Fundi Shomvi wakasema kwa sauti ya kusikika, "Sahihi tu. Sahihi moja tu imemshinda." Bi Zawena naye alisema hivyo, siku mbili. Siku ya tatu alirudi na ndoo yake kichwani, akaitua, akamwambia, "Usingetia. Hata mimi nisingetia." Kisha akaenda kuchemsha maji.

*

Siku ya kumi tangu mji ukose maji, saa tatu asubuhi, gari jeusi lilisimama mlangoni. Dereva alisema anatakiwa nyumbani kwa Mheshimiwa Tindwa, na aje na sanduku lake la vifaa, na kama inawezekana alale kiti cha nyuma asionekane.

Nyumba ya Waziri ilikuwa na kisima chake na pampu yake, ndiyo maana siku zote hizo hakuihisi kiu ya mji. Sasa na ile ilikuwa imesimama. Waziri alimpokea mwenyewe nyuma ya nyumba, amevaa kanzu ya kulalia na kandambili, ameshika tochi ingawa jua lilikuwa kali.

"Fundi, afadhali umekuja. Beringi hiyo. Juzi niliisikia inalia kri kri kri."

Fundi Shomvi alitua sanduku. "Mheshimiwa unasema beringi?"

"Sasa kumbe nini?"

"Nilidhani ni makusudi ya Msanifu."

"Wacha mzaha, baba yangu. Mke wangu hajaoga siku ya pili leo. Fungua."

Alifungua. Angeweza kukataa, na njiani alikuwa amejiandaa kukataa, lakini masikio yake hayakujua kuacha mashine ikiteseka. Ilikuwa beringi. Waziri aliinama kando yake, akamulika, akashika boliti, akauliza maswali mazuri: kwa nini imekauka, grisi hupakwa baada ya muda gani, atajuaje mapema mara nyingine. Kila jibu alilielewa. Alikuwa mwanafunzi mwepesi kuliko wengi waliokaa kwenye madawati ya jioni, na jambo hilo lilimuumiza Fundi Shomvi kuliko sifuri yake.

Saa tano maji yalipanda. Bomba la bustani lilikohoa, likatema kutu, kisha likaanza kuyanyunyizia maua maji safi. Waziri alinawa uso, akacheka kwa raha, akamshika fundi bega kwa mkono uliolowa.

"Fundi Shomvi, nimezunguka dunia, sijaona mtu wa namna yako. Unasikiliza, unafungua, unaona, unatengeneza. Hicho ndicho nchi hii inachokosa!" Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Ungekuwa na cheti tu, mzee wangu, ningekupa pampu ya mji leo hii."